Jibu: Unasomaje mapendekezo ya kura kama wewe ni mtu wa milimani na mitoni

Mkuu, umesema umeshapata uraia, uko Aurora karibu na Denver, wikiendi zako ni kupanda milima na kuvua trauti, na sasa bahasha ya kura imekuja na mapendekezo ya sheria ya kujibu Ndiyo au Hapana, mpaka kizunguzungu. Na mimi napigia kura hapa hapa Colorado, kwa hiyo nitakwambia ninavyosoma.

La kwanza, matangazo ya TV weka pembeni. Chukua kile kijitabu cha Blue Book kinacholetwa na posta. Wanakiandaa watumishi wa Bunge la jimbo wasioegemea chama. Hoja za kuunga mkono na za kupinga zisubiri. Nenda kwanza pale wanapoeleza kura ya Ndiyo inabadilisha nini na ya Hapana inaacha nini.

Chukua Pendekezo 127 la mwaka 2024, la kupiga marufuku uwindaji wa puma, bobcat na linksi, wote jamii ya paka wa porini. Kampeni ilipigia kelele uwindaji wa nyara, yaani kuua mnyama kwa ajili ya kichwa au ngozi ya kutundika. Ukisoma taratibu unakuta linksi alishalindwa na sheria ya shirikisho tangu 2000, kumwinda ilikuwa kosa tayari. Na aliyeua puma alishalazimika kisheria kuiandaa nyama iliwe. Kwa hiyo swali halisi lilikuwa puma na bobcat, na kama idadi yao isimamiwe kwa vibali vya uwindaji au la. Hapo watu wazima wanaweza kubishana kwa haki kabisa (mambo ya kuwinda puma kwa mbwa hata mimi siyapendi). Lilianguka, kama asilimia 55 walisema Hapana.

La pili, fuata hela. Colorado tuna TABOR, kipengele cha katiba ya jimbo cha mwaka 1992: serikali haipandishi kodi bila kutuuliza, na mapato yakizidi kikomo yanarudishwa. Ndiyo maana ukaona Pendekezo JJ, 2024 hiyo hiyo. Kodi ya kubeti michezo huenda kwenye miradi ya maji, lakini ikivuka dola milioni 29 kwa mwaka, ziada ilitakiwa kurudi kwa makasino; JJ liliomba ibaki kwenye maji. Jamaa yangu mmoja mvuvi alitaka kupiga Hapana kwa kuona neno kodi tu! Nikamuuliza, hiyo hela unataka iende mtoni au kasino? JJ lilipita kwa kishindo.

La tatu, angalia nani atabeba mzigo. Pendekezo la kurudisha mbwa mwitu (wolf) mwaka 2020 lilipita kwa chini ya asilimia 51, kura nyingi za Ndiyo zikitoka mijini kwetu huku, ilhali wanyama waliachiwa magharibi ya milima, kwa wafugaji. Fidia ya mifugo ilikuwemo ndani ya pendekezo. Mimi naisoma fidia kabla ya kuangalia picha ya mnyama.

Halafu usiishie juu ya karatasi. Chini kabisa kuna ya kaunti. Njia nyingi unazotembea upande wa Golden ni za kaunti ya Jefferson, na mfuko wake wa kununua na kutunza maeneo ya wazi ulianzia kwenye kura ya 1972 ya nusu senti kwa kila dola ya manunuzi.