Shahada ya fani mseto na deni la dola 27,000

Dada, umeuliza kama kijana wako huko Texas akubali shahada ya fani mseto, yaani inayochanganya masomo ya fani mbili au zaidi, ilhali atamaliza na deni la dola 27,000. Kiasi hicho ndicho kikomo cha mikopo ya serikali ya Marekani kwa mwanafunzi anayetegemea wazazi, kwa miaka minne: 5,500, 6,500, kisha 7,500 mara mbili. Kwa riba ya asilimia 6.5 na miaka 10 ya kulipa, ni kama dola 307 kila mwezi, ukiacha riba inayojilimbikiza akiwa masomoni. Mwenye kazi ya kueleweka analibeba.

Ninachoogopa mimi ni mkopo wa mzazi, Parent PLUS. Huo unaandikwa kwa jina lako, si lake. Tafadhali usiuguse.

Ingia College Scorecard, tovuti ya Wizara ya Elimu ya Marekani, tafuta chuo chenyewe na kozi yenyewe, uone kipato cha kati cha wahitimu, yaani kile ambacho nusu yao hupata zaidi na nusu pungufu. Ila kisome kwa tahadhari: kinahesabu waliopata msaada wa serikali tu, na jina "fani mseto" linambeba aliyechanganya takwimu na biolojia pamoja na aliyechanganya historia na sanaa. Kwa hiyo muulize anachanganya nini hasa. Akitaja takwimu, uhasibu au afya ya jamii, na deni likabaki chini ya mshahara wa mwaka wa kwanza, mimi ningemruhusu. Akisema ataamua mbele ya safari, aanzie chuo cha jamii (community college, cha miaka miwili) cha karibu, ada ni nafuu, kisha ahamie chuo kikuu.