Pasha mwili kwanza, mpira utakuja

Viwanja vingi vya mitaani Arusha ni udongo mgumu wenye changarawe, na Juni na Julai asubuhi zake zina baridi kali. Mtu anafika saa kumi na mbili na nusu, anavua sweta, anaanza kupiga mashuti. Dakika kumi baadaye ameshika paja kwa nyuma. Msuli ambao haujapata moto haupendi mambo ya ghafla, na mbio za kasi ndizo zinazouchana huo wa nyuma ya paja mara nyingi zaidi.

Tenga dakika 20. Mpangilio wa FIFA 11+, mazoezi ya kupasha mwili ya kuzuia majeraha, ndio tunaoupendekeza, kwa sababu hauhitaji kifaa chochote zaidi ya mpira. Dakika 8 za kwanza ni mbio za taratibu: kwenda mbele, kinyumenyume, kiubavu, na kufungua nyonga kwa kuinua goti na kulipeleka nje, kisha ndani. Dakika 10 zinazofuata ni za nguvu na mizani: planki (kujishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka), kuchuchumaa, kusimama kwa mguu mmoja ukiwa umeshika mpira, kurukaruka. Mbili za mwisho ni mbio za kasi na kukata kona. Kule kujinyoosha kwa kutulia, mguu juu ya jiwe, kuacheni hadi mechi iishe.

Zoezi moja ndani ya hizo 10 msiliruke hata likiwachosha. Piga magoti juu ya jaketi, mwenzako akubane vifundo vya miguu. Nyoosha mwili kuanzia goti hadi kichwa, shuka mbele polepole kadiri unavyoweza, ukishindwa jidake kwa mikono. Mara 3 hadi 5 zinamtosha anayeanza. Wengi hukunja kiuno na makalio yakabaki nyuma. Hapo paja halijafanya kazi yoyote. Kesho yake utaumwa, kwa hiyo usilijaribu kwa mara ya kwanza siku moja kabla ya mechi.

Anayetoka Dar asishangae pumzi ikimwishia mapema. Arusha ipo kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Moshi ni chini zaidi, haisumbui sana. Siku chache za mwanzo punguza mbio.

Viatu: njumu ndefu za chuma hazizami kwenye udongo mkavu, mguu unayumba na kifundo kinateguka. Tafuta njumu fupi za mpira, nyingi. Ukinunua mtumba, soko la Memorial kule Moshi au kwingineko, kunja soli kwa mikono. Ikunjikie pale vidole vinapoanzia. Ikikunjikia katikati, rudisha.

Mpira wenyewe nao hujazwa kupita kiasi. Namba 5 unaruhusiwa presha ya PSI 8.5 hadi 15.6, na kwenye uwanja mgumu baki karibu na 9. Ukijaa sana unadunda hovyo, mchezaji mpya anadhani hajui kutuliza.

Kutuliza ni kurudisha mguu nyuma kidogo mpira unapogusa. Mguu ukiukaza, mpira unakutoka mita mbili na adui anauchukua. Kwa pasi fupi, mguu wa kusimamia uwe pembeni ya mpira, kama shibiri moja, vidole vikielekea unakopiga; mguu wa kupigia ugeuze nje, kifundo ukaze, upige kwa upande wa ndani. Pasi zikipaa, mara nyingi mguu wa kusimamia umebaki nyuma ya mpira au mwili umelalia nyuma.

Kula muda wa saa tatu kabla ya mechi kuanza: wali au ndizi, nyama kidogo. Kiburu, ndizi zilizopikwa na maharage, tunakipenda, ila maharage yanakaa tumboni. Kiliwe baada ya mechi. Maji, karibu nusu lita taratibu katika hizo saa.

Kifundo kikiteguka, msikikande kwa maji ya moto wala kukichua siku hiyo, hata kama jirani ana dawa yake ya kuaminika. Joto huongeza uvimbe. Funga bandeji, inua mguu, weka barafu iliyozungushiwa kitambaa kwa dakika 10 hadi 15, rudia baada ya saa chache. Ukishindwa kutembea hatua nne, au mfupa wenyewe ukiuma unapobonyezwa, nenda hospitali upigwe picha siku hiyohiyo.