Akija Mtoto wa Mheshimiwa Kuomba Saini Yako

Ukishapata uraia wa Marekani na ukaweka makazi Illinois, jiandae kupigiwa hodi. Msimu wa kutafuta wadhamini ukifika, kijana atasimama mlangoni na ubao na kalamu, akuombe saini ili mgombea wake aingie kwenye kura za mchujo. Anayetaka uwakilishi katika bunge la jimbo anahitaji saini zisizopungua 500, kwa hiyo ya kwako ina thamani. Na si ajabu ukalikuta jina lililo juu ya fomu umeshalisikia mahali: mtoto, mke au mkwe wa mtu ambaye tayari yumo serikalini.

Nimezunguka na ubao huo mitaa ya kaskazini mwa Chicago, nimepakua pilau kwenye harambee za wagombea, na katika chama chetu cha watu wa Afrika Mashariki mara nyingi mimi ndiye ninayeulizwa, "Huyu tumpokee au tumwache?" Kuna mzee wetu mmoja, mtu wa Tanga, ambaye jibu lake ni lile lile kila mara: "Mwanangu, baba yake alitusaidia. Tumpe mtoto." Namwamkia kwa heshima zote, lakini hapo hatuelewani. Wala sielewani na vijana wanaotaka kila mwenye ukoo wa kisiasa apigwe chini. Undugu peke yake si kosa. Ninachouliza mimi ni kama ofisi ya ndugu mmoja ndiyo inayopaswa kuibana ofisi ya mwingine, na pesa ya kampeni inatoka mfukoni mwa nani.

Illinois yenyewe ni darasa. Mwezi Novemba 2002, siku moja, wapiga kura walimchagua Rod Blagojevich kuwa gavana na Lisa Madigan kuwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo. Blagojevich alikuwa mkwe wa Dick Mell, diwani wa siku nyingi wa kata ya 33 ya Chicago, ambaye watu wake wa kata ndio waliomsukuma kijana huyo tangu alipoingia bunge la jimbo. Lisa ni binti wa Michael Madigan, ambaye wakati huo alikuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi la jimbo na mwenyekiti wa chama cha Democratic cha jimbo hilo hilo.

Mambo ya gavana yalianza kuharibika nyumbani. Mapema 2005 serikali yake ilifunga jalala moja karibu na Joliet lililohusishwa na jamaa wa familia ya mkewe, na baba mkwe akaja juu. Mell akadai hadharani kwamba watu wa gavana wanagawa nafasi za bodi kwa waliochangia kampeni. Baadaye aliyafuta maneno hayo, lakini uchunguzi ulikuwa umeshaanza. Desemba 2008 Blagojevich alikamatwa kwa mashtaka ya rushwa, Januari 2009 Seneti ya jimbo ikamwondoa kwa kura 59 kwa 0, na 2011 akahukumiwa kifungo cha miaka 14. Trump alimpunguzia adhabu 2020, na 2025 akamsamehe kabisa, lakini hilo ni somo jingine. Linalonikera mimi ni kwamba tuhuma ile ilitufikia kwa sababu wakwe waligombana. Wangeendelea kula meza moja kwa amani, sisi tungeipata wapi?

Habari ya Lisa ni tofauti, na ndiyo ninayowasimulia wenzangu zaidi. Kazi yake haikuwa mbaya; mwaka 2008, familia nyingi zilipokuwa zinapoteza nyumba, ofisi yake iliishtaki Countrywide, kampuni kubwa ya mikopo ya nyumba. Ilipofika 2013 wengi walimtarajia agombee ugavana, na alikuwa na jina na pesa ya kutosha. Julai mwaka huo akatangaza kwamba hagombei. Sababu aliyoitoa ni kwamba jimbo halitahudumiwa vizuri gavana na Spika wakitoka familia moja, na baba yake alikuwa haondoki.

Itazame hoja hiyo kwa karibu. Spika ndiye anayeamua muswada upi uletwe na upi ufie kwenye kamati. Gavana ndiye anayetia saini au kuukataa. Wamewekwa wawili ili mmoja amzuie mwenzake, sasa binti atamzuiaje baba yake? Mwaka 2020 kampuni ya umeme ya ComEd ilikubali kulipa dola milioni 200 baada ya kukiri kwamba kati ya 2011 na 2019 iliwapa kazi na malipo watu wa karibu wa Spika ili kumlainisha. Januari 2021 Madigan alipoteza uspika. Februari 2025 alitiwa hatiani kwa makosa 10, na Juni akapewa kifungo cha miaka 7 na nusu. Binti hakuguswa na kesi hiyo. Lakini angekuwa gavana kuanzia 2015, miswada ya umeme ingetoka kwa baba ikapanda moja kwa moja mezani kwake.

Kwa hiyo mgombea wa namna hii akija kwenye mkutano wetu, simuulizi kama anampenda baba yake. Namuuliza ni jambo gani atajitoa asilishughulikie mwenyewe kwa kuwa linahusu ofisi au biashara ya nduguye, na nataka mfano mmoja. Akijibu "familia yetu ni ya watumishi", namshukuru na kumpisha mwingine. Akitaja jambo lenyewe na nani atakayelishughulikia badala yake, hapo tunaweza kuongea.

Maneno hayatoshi, fungua pia tovuti ya Bodi ya Uchaguzi ya Jimbo la Illinois. Ni bure. Andika jina la kamati ya mgombea, yaani mfuko wa kampeni yake, halafu ufungue ripoti yake ya robo mwaka. Wengi huishia kwenye michango ya watu binafsi. Wewe shuka hadi kwenye fedha zilizohamishwa kutoka kamati nyingine, maana hapo ndipo mfuko wa baba unapomiminika kwenye mfuko wa mtoto, kihalali kabisa, kwa kiasi ambacho jirani yako mwenye dola 25 hatakifikia. Kisha tazama michango ya vitu na huduma: uchapishaji, ofisi, wafanyakazi. Kwa sheria ya jimbo, mgombea na familia yake ya karibu wakitia zaidi ya dola 250,000 kwenye kinyang'anyiro cha jimbo zima, au 100,000 kwenye viti vingine, ukomo wa michango unaondolewa kwa wagombea wote wa nafasi hiyo.

Safu ya huduma usiidharau. Kule Kentucky, Alison Lundergan Grimes, aliyekuwa Katibu wa Jimbo anayesimamia uchaguzi wakati huo, aligombea Seneti ya Marekani mwaka 2014 akashindwa na Mitch McConnell. Baba yake, Jerry Lundergan, aligharamia kazi za kampeni hiyo kupitia kampuni zake, zaidi ya dola 200,000. Mwaka 2019 alitiwa hatiani, na 2020 akahukumiwa miezi 21. Binti hakushtakiwa.

Tazama pia mgombea aliingiaje kwenye kinyang'anyiro. Mwaka 2004, hapa Illinois, mbunge Bill Lipinski alishinda mchujo wa kiti chake cha Kongresi, kisha Agosti akajitoa, na viongozi wa chama wakamweka mwanawe Dan, aliyekuwa akifundisha chuo kikuu huko Tennessee. Mlango kama huo ukitumika, mpe mgombea maswali mara mbili.

La mwisho ni letu wenyewe. Kwenye harambee moja mtu wa kampeni alituambia tuandike cheki kwa majina yetu, pesa tutarudishiwa. Nilikataa na kuwavuta wenzangu pembeni. Kuchangia pesa ya mtu mwingine kwa jina lako ni kosa la jinai, na jina litakaloonekana kwenye ripoti ni lako. Mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa kuchangia pesa yake halali, ila kura hapigi, hata mheshimiwa akimwambia hakuna neno. Aliye na viza ya masomo au ya kazi asitoe hata dola moja. Aje ale pilau, asikilize, na saini ya fomu awaachie waliojiandikisha.