Jibu: DAC mpya, sauti inavuma na besi imevimba. Ninunue ya bei kubwa?

Waalaykum salaam ndugu yangu. Umeeleza vizuri, kwa hiyo nakujibu kwa kirefu. Kwa watakaosoma baadaye: ndugu yetu wa Mwanakwerekwe amenunua DAC ndogo ya USB, kile kifaa kinachogeuza sauti ya dijitali kuwa ya analogi. Kaichomeka kwenye laptopu, akavuta waya mpaka kwenye amplifaya ya zamani aliyoachiwa na marehemu baba yake, na hedifoni yake ya omu 32 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) kaichomeka kwenye tundu la mbele la amplifaya hiyo. Sasa anasikia mvumo usiokatika, besi imevimba, na kwenye taarabu zake ganuni haisikiki sawasawa. Anauliza kama auze DAC anunue ya bei kubwa.

Usiiuze. Chomoa hedifoni kwenye amplifaya, ichomeke moja kwa moja kwenye DAC, kisha sikiliza wimbo uleule. Naamini matatizo yako yote mawili yataondoka au yatapungua sana, na hujatoa hata shilingi.

Sababu ni hii. Amplifaya za zamani zilitengenezwa kwa ajili ya spika. Tundu la hedifoni mara nyingi halikuwa na saketi yake. Walichukua umeme uleule wa spika, wakaupitisha kwenye rezista ili upungue, basi. Rezista hiyo inaweza kuwa omu 100, 200, hata zaidi ya 300. Hata kiwango cha kimataifa cha IEC 61938 cha mwaka 1996 kilitaja omu 120.

Hedifoni nayo haibaki omu 32 kwenye kila sauti. Nyingi za koili hupanda kwenye besi. Tuseme yako inafika omu 60 huko chini, na rezista ya amplifaya ni 120. Kwenye sauti za kati, hedifoni inapata 32 kugawa kwa 152, yaani 0.21 ya volti zote. Kwenye besi inapata 60 kugawa kwa 180, yaani 0.33. Hiyo ni tofauti ya desibeli 4 hivi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), besi imeongezwa na hakuna aliyeiomba. Sasa piga hesabu hiyohiyo kwa DAC yenye omu 1 kwenye tundu lake: 32 kwa 33, na 60 kwa 61. Tofauti ni kama desibeli 0.1, sikio haliitambui. Ndiyo maana watu wa fani hii husema omu za chombo zisizidi sehemu moja ya nane ya omu za hedifoni. Kwako wewe ni omu 4 kushuka chini.

Desibeli 4 za besi kwenye taarabu si mchezo. Nyuzi za ganuni nyingi hupangwa tatu tatu kwa kila noti, na raha yake iko kwenye ule mguso wa kwanza wa ukucha kwenye uzi, kabla noti haijafunguka. Dabali besi na dumbak zikivimba, mguso ule unazama. Unabaki unasikia kwamba ganuni ipo, lakini vidole vya mpigaji huvisikii.

Jengine nataka uliangalie: nyuma ya amplifaya, waya wa DAC umeuchomeka wapi? Kama ni PHONO, hapo ndipo balaa lenyewe. Tundu lile ni la santuri, linategemea milivolti chache kutoka kwenye sindano, na linanyanyua besi kwa makusudi kwa kuwa santuri hukatwa zikiwa na besi iliyopunguzwa. DAC nyingi zinatoa volti 2. Hamishia AUX au CD.

Tuje kwenye mvumo. Laptopu iko kwenye chaja, amplifaya iko kwenye umeme, na waya wa sauti unaziunganisha. Umeme ukishapata njia mbili za kwenda erthi unazunguka, nawe unausikia kama mvumo wa hezi 50. Ukiitoa amplifaya, mzunguko umekatika. Ukisikia bado, chomoa chaja utumie betri. Mvumo ukinyamaza, tatizo ni chaja. Chaja nyingi huvujisha umeme kidogo sana kwenye bodi. Ukipitisha mkono juu ya laptopu ya chuma unahisi kama inakuparapara. Plagi ya miguu mitatu ni dawa, lakini iwe erthi ipo kweli. Nyumba niliyokulia Malindi ilikuwa na soketi nzuri za matundu matatu, na lile tundu la juu halikuunganishwa na chochote. Muite fundi apime na mita, si kwa ajili ya muziki tu. Na tafadhali, wako wanaoshauri kukata mguu wa erthi wa amplifaya ili mvumo uishe. Usifanye hivyo kabisa. Amplifaya ya bodi ya chuma ikipata hitilafu ndani, erthi ndiyo inayokuokoa roho.

Kama si mvumo bali ni kilio chembamba kinachobadilika ukisogeza mausi, hiyo ni kelele ya kompyuta inayopita kwenye USB. Jaribu tundu jengine, au tumia simu.

Upande wa kompyuta ni kazi ya dakika chache. Kwenye Windows zima vile vya kurembesha sauti, weka kiwango cha sampuli (sample rate) kuwa hezi 44,100 kama muziki wako umetoka kwenye CD, au tumia foobar2000, programu ya kupigia muziki, kwa njia ya WASAPI ya kujitenga ili Windows isiiguse sauti. Simu nyingi za Android hubadilisha kila kitu kuwa 48,000; programu ya USB Audio Player PRO hulikwepa hilo. Faida yake ni ndogo kuliko watu wanavyoitangaza, lakini ni jambo la kulifanya mara moja ukalisahau. Sauti ya laptopu ipandishe mpaka mwisho, halafu punguza kwenye kitufe cha DAC. Anza na kitufe kikiwa chini, masikio hayana spea. Na ukilinganisha vyombo viwili, visawazishe sauti kwanza. Kinachopiga juu zaidi, hata kwa desibeli moja, mara nyingi utakiona bora.

Faili zako je? Taarabu nyingi tulizonazo zimepita kwenye kaseti, zikaja kwenye MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, zikarushwa WhatsApp. MP3 ya aina hiyo kwa kawaida hukatwa kwenye kilohezi 16 hivi, na kilichokatwa hakuna DAC itakayokirudisha. Vivyo hivyo mkwaruzo wa santuri za Siti binti Saad za Bombay mwaka 1928: umo ndani ya rekodi. Mimi napenda kuziskiliza hivyohivyo. Lakini kama kuna CD ya asili kwenye kabati la mtu wa ukoo, iazime uikopi kwa FLAC, aina ya faili isiyopunguza chochote kwenye sauti. Hapo utasikia tofauti kubwa kuliko ya DAC yoyote.

Mwisho ni hedifoni yenyewe. Joto letu linamenya ngozi ya sponji, na sponji ikiacha mwanya besi inakimbia. Mtandio au ushungi ukipita kati ya sponji na sikio huleta hali hiyohiyo, kwa hiyo anayesikiliza amejifunika ni bora atumie zile ndogo za kuingiza sikioni. Hewa ya chumvi nayo inakula jeki. Ukiizungusha ikakwaruza, au upande mmoja ukakatika, ifute kwa pamba yenye spiriti, iache ikauke, halafu uichomeke na kuichomoa mara kadhaa.

Anza na amplifaya, kisha chaja. Mvumo ukibaki, nitajie aina ya DAC na ya laptopu, na kama sauti inabadilika ukigusa bodi kwa mkono. Amplifaya ya mzee irudishe kwenye spika zake, kwa kupitia AUX.