Nimeuona mji wenye reli, kumbe siwo: swali la rubani mwanafunzi

SWALI: Shikamoo Kapteni. Mimi ni rubani mwanafunzi, nina saa 31 za kuruka, na hivi karibuni natarajia kufanya safari yangu ya kwanza ya masafa nikiwa peke yangu. Tatizo langu ni ramani. Wiki iliyopita, nikiwa na mkufunzi, mpango wangu ulisema mji wenye reli ungetokea dakika ya 20, maili 30 za baharini kutoka tulikoanzia, kwa kasi ya noti 90 (maili 90 za baharini kwa saa) juu ya ardhi. Dakika ya 14 nikauona, kushoto kidogo, reli ikipita katikati yake. Nikaufuata. Kuanzia hapo hakuna kilichokubaliana na ramani, na mkufunzi akaniacha nitangetange dakika kumi nzima kabla ya kuniambia kuwa mji ule siwo. GPS amenikataza kabisa. Nifanyeje ili nijue nilipo? Na kuna hesabu ya haraka ya kurudi kwenye mstari wa safari niliouchora kwenye ramani bila kushika kikokotozi?

JIBU: Marahaba. Kabla ya mbinu yoyote turudi kwenye dakika ile ya 14, maana sehemu kubwa ya jibu lako imelala pale.

Maili 30 kwa dakika 14 ni kasi ya karibu noti 129. Wewe ulipiga hesabu ya noti 90. Ili mji ule uwe ndio wenyewe, ulihitaji upepo wa nyuma wenye nguvu ya karibu noti 40 zaidi ya ule uliouandika kwenye mpango, upepo ambao hakuna aliyeutabiri. Saa yako ya mkononi ilikuwa inakuambia waziwazi kwamba uko kwenye maili ya 21. Macho yalikataa kuisikiliza kwa sababu yalikuwa na njaa ya kuona mji, na mwenye njaa hachagui. Usijilaumu sana. Kosa hili nimelifanya mimi, na sijapata mwanafunzi ambaye hajalifanya.

Dawa yake ni mpangilio wa kusoma: saa kwanza, ramani pili, ardhi mwisho. Unatazama saa, inasema dakika ya 14. Unaenda kwenye ramani, unahesabu maili 21 kwenye mstari wako, unaangalia kuna nini pale na maili chache kila upande. Ndipo unapoinua macho na kutafuta vitu hivyo nje. Mwanafunzi anayefanya kinyume, yaani anayeona kitu chini kisha anakitafuta kwenye ramani, atakipata tu. Ramani ina miji mingi yenye reli, na mmojawapo utakubali kuvaa sura unayoitaka. Ungeanza na saa, ungeuliza: maili 21, kushoto, kuna nini? Nakuhakikishia mji ule ulikuwa umechorwa palepale, mdogo, na hukuwahi kuutilia maanani ulipokuwa unapanga safari.

Mpangilio huu unafanya kazi kwa sharti moja: uwe umeshika uelekeo na kasi ulivyopanga. Hesabu ya muda inakuwa uongo mtupu ikiwa pua ya ndege imekuwa ikizungukazunguka kama kichwa cha mtu anayemtafuta ndugu yake sokoni. Shika uelekeo wako hata kama nje huoni kitu unachokitambua. Hasa pale usipotambua kitu.

Na hapa niseme neno juu ya dira. Kionyesha uelekeo kinachoendeshwa na jairo, yaani gurudumu linalozunguka kwa kasi, huteleza taratibu, kwa hiyo kila baada ya dakika 10 hadi 15 kilinganishe na dira ya sumaku. Ulinganishe mabawa yakiwa sawa, kasi ikiwa haibadiliki, na dira imetulia. Ukilinganisha ukiwa kwenye kona au unaongeza kasi, unakiingizia kosa wewe mwenyewe. Nilipokuwa mwanafunzi niliwahi kuweka simu juu ya dashibodi, karibu kabisa na dira, kisha nikarekebisha jairo kwa uangalifu mkubwa ili ifuate dira ile. Ndani ya simu kuna sumaku za spika. Mto uliotakiwa kuwa chini yangu ukawa unapotea taratibu upande wa kulia, nami naulaumu upepo. Mkufunzi alinyoosha mkono, akaichukua simu akaitia mfukoni mwake, dira ikageuka mbele ya macho yangu. Hakusema kitu.

Sasa upepo. Najua umefundishwa kuchora pembetatu na kutumia kikokotozi cha duara, na uendelee kufanya hivyo ukiwa mezani. Lakini angani unahitaji kitu cha kichwani. Chukua kasi ya upepo, zidisha kwa 60, gawanya kwa kasi ya ndege hewani. Jibu ni digrii nyingi kuliko zote ambazo upepo huo unaweza kukusukuma kando. Kwa ndege ya noti 90 na upepo wa noti 18, ni digrii 12. Hizo ni za upepo unaokupiga ubavuni kabisa. Ukija kwa mshazari, fikiria uso wa saa: pembe ya digrii 15 kati ya upepo na mstari wako ni robo saa, basi chukua robo; 30 ni nusu saa, chukua nusu; 45 ni robo tatu; 60 na kuendelea, chukua zote.

Tuseme mstari wako ni digrii 075 kwa kaskazini halisi, ile ya ramani, na upepo unatoka 045. Pembe ni 30, nusu ya 12 ni 6, na upepo unatoka kushoto, kwa hiyo pua inaenda kushoto: 069. Kaskazini ya sumaku, ile ya dira, mahali hapo ikiwa digrii 3 magharibi ya ile halisi, unaongeza, unapata 072. Ingekuwa mashariki ungepunguza. Kisha tazama kile kikadi kilichobandikwa karibu na dira kinachotaja kosa la dira ya ndege hiyo. Na usisahau kwamba upepo wa juu kwenye utabiri hutolewa kwa kaskazini halisi, ila ule anaokutajia mwongoza ndege kutoka mnarani unapokaribia kutua ni wa sumaku. Wanafunzi huvichanganya hivi viwili mara nyingi.

Upepo huohuo unakula kasi pia. Ukikokotoa vizuri utapata karibu noti 74 juu ya ardhi badala ya 90. Safari ya maili 60 uliyodhani itachukua dakika 40 inakuwa ya karibu dakika 49. Ona basi jinsi mtu anavyoweza kuanza kuhangaika dakika ya 41 kwamba uwanja umepotea, na uwanja uko mbele yake, mahali pake, umetulia.

Swali lako la pili, la kurudi kwenye mstari. Kanuni yake ni ya 60: ukienda maili 60 ukakosea kwa maili 1, umekosea kwa digrii 1. Tuseme umesafiri maili 20, ukatambua kwa uhakika kwamba uko maili 2 kushoto ya mstari, na zimebaki maili 40. Mbili kwa ishirini, mara 60, ni digrii 6: hizo ndizo ulizokuwa unapotea. Ukigeuka kulia digrii 6 tu, hurudi kwenye mstari. Unaenda sambamba nao. Unahitaji nyingine za kukufikisha: mbili kwa arobaini, mara 60, ni 3. Jumla digrii 9 kulia, na utafika. Ukiwa nusu ya safari hesabu inakuwa nyepesi zaidi, unazidisha kosa mara mbili basi. Mimi huwaambia wanafunzi wachore kwenye ramani, kwa penseli, mistari miwili ya digrii 10 inayofunguka kama feni kutoka mwanzo wa safari, na mingine miwili kutoka mwisho. Unatazama tu uko wapi ndani ya feni, bila kugawanya chochote.

Ila neno zito hapo ni «kwa uhakika». Kugeuka digrii 9 kwa ajili ya alama uliyoibahatisha ndiko kulikokupoteza wiki iliyopita.

Alama nzuri ni ipi, basi? Isiwe kitu kimoja kisicho na shahidi. Mji wenye reli si alama. Mji ambao reli inaingia kutoka kaskazini, mto unaukata upande wa mashariki, na kuna bwawa lenye ukuta ulionyooka kusini yake, hiyo ni alama, kwa sababu ukipata vitu vitatu vimekaa vilevile kama kwenye ramani, bahati haiwezi kukudanganya kirahisi. Reli naipenda kuliko barabara: barabara mpya hujengwa kila siku na ramani haizijui zote. Mito nayo hukauka, maziwa hupungua na kufurika. Alama ziwe za kila dakika 10 hadi 15. Ukijipangia kila dakika tatu, kichwa kitabaki ndani ya ndege na nje hutaona wenzako wanaoruka.

Kisha jifunze kupima umbali kwa macho, maana huko ndiko «kushoto kidogo» yako ilikozaliwa. Maili ya baharini ni futi 6,076. Ukiwa futi 3,000 juu ya ardhi, kitu unachokiona chini kwa pembe ya digrii 45 kiko nusu maili kando yako. Kitu kilichoko maili 2 kando utakiona kwa pembe ya digrii 14 tu chini ya upeo wa macho, na mwanafunzi wa kawaida atakuapia kwamba kiko jirani. Ukumbuke pia kwamba pua ya ndege inameza ardhi. Alama iliyo mbele yako kabisa hutoweka chini ya injini muda mrefu kabla hujaifikia, kwa hiyo tafuta zilizo kando.

Kuna mbinu moja naipenda kuliko zote: kukosea makusudi. Mwaka 1931 Francis Chichester alivuka Bahari ya Tasman peke yake kwa ndege ndogo ya Gipsy Moth, akivitafuta visiwa vidogo vya Norfolk na Lord Howe katikati ya maji matupu. Hakulenga kisiwa. Alilenga kando yake, upande aliouchagua, ili jua lilipomwambia kuwa amefika kwenye mstari unaopita kisiwani, ajue bila wasiwasi ageukie upande gani. Wewe huna haja ya sekstanti, kile chombo cha kupimia pembe ya jua. Uwanja wako ukiwa kando ya mto, lenga maili 3 kushoto ya uwanja. Ukifika mtoni, geuka kulia uufuate. Ukilenga uwanja wenyewe na ukafika mtoni usiuone, utageukia wapi? Vilevile chagua mstari mkubwa ulioko ng'ambo ya uwanja, pwani au reli au barabara kuu, uwe ukuta wako. Ukiufikia, umepita.

Na siku utakayopotea kweli, maana itakuja, andika saa kwanza. Rudi kwenye alama ya mwisho uliyoitambua bila shaka yoyote, pima uelekeo na muda tangu hapo, weka nukta kwenye ramani. Kisha izungushie duara lenye nusu kipenyo cha sehemu ya kumi ya umbali uliosafiri tangu alama ile. Maili 20, duara la maili 2. Umo humo karibu na hakika, ikiwa ulishika uelekeo wako. Panda juu kidogo kama mawingu na anga unayoruhusiwa vinakuruhusu. Utaona mbali zaidi na redio itafika mbali zaidi. Zungumza na mwongoza ndege mapema, mwambie wazi kwamba hujui ulipo. Asipopatikana, masafa ya redio ya 121.5 yapo kwa kazi hiyo, na transponda, kifaa kinachoijibu rada kwa namba, ukiiweka 7700 rada zote zinazokuona zitajua una dharura. Wanafunzi huona aibu kuita. Waongoza ndege wangependa kuitwa ukiwa na mafuta ya saa mbili kuliko ya dakika kumi.

Kuhusu mafuta, juu kabisa ya karatasi yako ya safari, kwa herufi kubwa, andika saa ambayo magurudumu lazima yawe chini. Sheria huweka kiwango cha chini cha akiba. Marekani, kwa mfano, ni dakika 30 za kuruka kwa safari za mchana na 45 za usiku. Mimi kwa safari ya kwanza ya peke yako ningetaka saa nzima.

Mkufunzi wako ana haki kuhusu GPS. Utaitumia maisha yako yote, na ni ujinga kuruka na kifaa kizuri ukakizima kwa fahari. Lakini mstari ule wa rangi kwenye skrini hufundisha macho kufuata, haufundishi kukisia kabla ya kuona. Ukishapata leseni iwashe, na uendelee kuandika dakika kwenye karatasi hivyohivyo. Mpaka hapo, mwombe mkufunzi mrudie njia ileile, na safari hii ikifika dakika ya 14 mtajie yeye jina la ule mji wa kushoto kabla hajauliza.