Re: Picha ya kanga ndani ya maandishi ya Eid Mubarak inakatika

Waaleikum salaam ndugu yangu. Umesema picha ya kanga imeingia vizuri kwenye herufi huko After Effects, ile programu ya kutengeneza video, ila ukiisogeza nusu ya neno inabaki tupu. Mie yalinikuta hayo hayo kwenye tangazo la harusi hapa Mwanakwerekwe, usiku kucha nahangaika kumbe picha imeisha tu.

Kwanza tazama safu ya Track Matte, ile inayofanya leya moja ionekane ndani ya umbo la nyengine, kama huioni bonyeza F4. Leya ya picha ndo inayowekewa Alpha Matte, sio maandishi. Kwenye matoleo ya kabla ya 2023 maandishi lazima yakae juu yake moja kwa moja, ukiingiza kitu kati basi umeharibu.

Sasa kukatika. Tia efekti ya Motion Tile kwenye picha, inairudiarudia kama vigae, pandisha Output Width (upana) mpaka 300 hivi, halafu weka kifremu (keyframe, alama ya mwendo) kwenye Tile Center ndo uisogeze picha, usiguse Position ya leya kabisa. Washa Mirror Edges, inageuza nakala za pembeni kama kwenye kioo, ili maungio yasionekane, na ukitaka izunguke bila kuruka basi isogeze mara mbili ya upana wa picha, yaani ya pikseli 1000 inakwenda 2000.

Na kanga yenyewe piga picha mji tu, yaani pale katikati, pindo la pembeni liache, maana ule mstari ukipita kwenye herufi unaonekana kama kosa. Jina la kanga ndo usilitie kabisa, litasomeka kinyumenyume.

Maandishi yakitembea, parenti picha kwenye maandishi, yaani iunganishe iyafuate. Toleo lako lipi?