Umeme wa fibromialjia bila mazoezi ni nusu ya dawa

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina miaka 42. Huu mwaka wa tatu naumwa mwili mzima, nalala naamka nimechoka, na vipimo vya damu na eksirei vyote ni safi. Nimeambiwa ni fibromialjia. Nasikia kuna tiba ya kupitisha umeme kichwani pamoja na mazoezi. Ndiyo ile shoti ya wagonjwa wa akili? Naweza kujitengenezea kwa betri?

JIBU: Marahaba. Si shoti. Ile hutolewa mgonjwa akiwa kwenye nusukaputi. Hii unakaa kitini macho makavu, unapiga soga. Ni miliampia 2 tu kwa dakika 20, kwa kawaida siku 5 hadi 10. Utahisi mwasho kama wa sisimizi dakika za mwanzo, kisha hupoa.

Vipimo ni safi kwa sababu misuli yako haijaharibika. Mfumo wa fahamu ndio unaoyakuza maumivu, kama redio iliyofunguliwa sauti hadi mwisho. Ndiyo maana elektrodi (kipande kinachopitisha umeme, kikiwa ndani ya sponji yenye maji) chanya huwekwa juu ya sehemu ya ubongo inayoendesha misuli, upande wa kushoto, ambayo pia husaidia kuishusha sauti hiyo. Hasi hukaa juu ya nyusi ya kulia. Mahali penyewe hupatikana kwa tepu ya fundi cherehani: utosi ni katikati ya mzizi wa pua na kinundu cha kisogo, na katikati ya sikio na sikio. Kama sikio hadi sikio ni sentimita 36, toka utosini shuka kushoto asilimia 20 ya urefu huo, yaani sentimita 7 na kidogo.

Kazi nyingi huharibikia kwenye sponji. Ya sentimita 5 kwa 7 hunyweshwa maji ya dripu (chumvi asilimia 0.9), mililita 6 hivi kila upande wa sponji. Ikikauka, umeme hujikusanya sehemu moja na kuunguza ngozi; ikichuruzika, umeme hutambaa na maji hadi pasipotakiwa. Nywele zilizosukwa kwa rasta bandia au kupakwa mafuta mengi huzuia umeme kufika kichwani. Nenda umefumua, umeosha, hujapaka kitu.

Sasa mazoezi, ambayo kwa maoni yetu ndiyo yanayobeba mzigo mkubwa. Jaribio la Brazil lililochapishwa 2016 liliunganisha umeme na mazoezi ya kutembea, na waliopata vyote viwili walipata nafuu kubwa zaidi ya maumivu. Anza na dakika 10 za kutembea, mara 3 kwa wiki, kwa mwendo wa kuweza kuongea ila si kuimba. Ongeza polepole hadi 30. Kosa tunalolijua vizuri: siku ya nne mgonjwa anajisikia mwepesi, anafua nguo za wiki nzima, kisha analala siku tatu akisema tiba imegoma.

Betri? Hapana kabisa. Ukinzani wa ngozi, yaani jinsi inavyozuia umeme, hubadilika kila dakika. Mashine huurekebisha umeme na kuupandisha taratibu, betri haijui hilo.

Mwenye kifafa, chuma kichwani, betri ya moyo au kidonda mahali pa sponji aseme mapema. Dawa zako nazo zitaje zote: kabamazepini (dawa ya kifafa), kwa mfano, huweza kuzima kabisa kazi ya umeme huu, ukamaliza siku zote 10 bure.